Mfereji kuchimba ni kazi rahisi, kugawa maji ndiyo ngoma: Funzo la mifongo ya Kilimanjaro na Lower Moshi

Ukitaja mfereji mkubwa, wengi wanawaza Suez, uliofunguliwa mwaka 1869, au Panama, uliofunguliwa mwaka 1914. Lakini kwenye miteremko ya Kilimanjaro watu wamekuwa wakichimba mifereji kwa karne nyingi. Haipitishi meli, inapitisha maji ya ndizi, ulezi na kahawa. Wachaga wanaiita mifongo.

Ukiichunguza, utaona maswali ni yaleyale ya Suez na Panama: Mfereji uanzie wapi? Nani achimbe? Nani awe wa kwanza kupata? Mawili ya kwanza huwa yanapata majibu. La tatu ndilo linaloleta ugomvi mpaka leo.

Maji yanatoka wapi?

Wengi wanaamini mito ya Moshi inaishi kwa barafu ya Kibo. Kumbe mchango wa barafu ni mdogo sana. Chanzo kikubwa ni mvua inayonyesha kwenye msitu, ambako upande wa kusini wa mlima sehemu nyingine hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mjini Moshi kiwango hicho hakifiki hata nusu.

Yaani maji yako juu, na ardhi pana ya tambarare iko chini. Katikati kuna makorongo marefu, na mito inapita chini kabisa ya makorongo hayo. Huwezi kuyapandisha maji kwa ndoo hadi kwenye kihamba kila siku.

Wazee walifanyaje?

Walipanda juu mtoni, mahali ambapo mto bado uko juu kuliko mashamba, wakajenga banio kwa mawe, magogo, udongo na majani. Kutoka hapo mfereji ulikatwa ubavuni mwa mlima, ukishuka polepole kuliko mto wenyewe. Baada ya mwendo mrefu, mto unakuwa bondeni na mfongo uko juu ya mgongo wa kilima, tayari kugawa maji pande zote.

Siri iko kwenye mteremko. Ukiwa mkali, maji yanakula kingo. Ukiwa mdogo mno, mfereji unajaa tope. Kazi hiyo ilifanyika bila darubini ya kupimia ardhi. Penye korongo, maji yalivushwa juu ya magogo yaliyochongwa katikati.

Siasa yake je?

Mifongo mingi ilikuwa mali ya ukoo wa aliyeianzisha, na mara nyingi ilibeba jina lake. Ukoo huo ndio uliokuwa na kauli juu ya zamu. Wengine walipata maji kwa kushiriki kazi ya kusafisha na kutengeneza banio. Asiyetokea kwenye msaragambo alitozwa faini au alinyimwa zamu.

Utaratibu huo ulikuwa na nguvu, ila haukuwa na usawa. Kimila wanawake walizuiwa kushiriki kazi za mfongo, kwa hiyo mwanamke asiye na mwanamume wa kumsemea alikuwa kwenye hali ngumu.

Baada ya uhuru, mamlaka ya mamangi yakaondolewa. Kisha sheria ya maji ya mwaka 1974 ikasema maji yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano. Kwa karatasi, ukoo uliochimba mfongo ukawa mtumiaji tu, anayetakiwa kuwa na kibali. Kwa vitendo, wengi waliendelea na zamu zao.

Kwa nini Lower Moshi ilijengwa?

Miaka ya 1970 serikali iliomba nchi wahisani zisaidie kupanga maendeleo ya mikoa, na Kilimanjaro ikaangukia kwa Japan. Kutoka kwenye mpango huo ikazaliwa skimu ya Lower Moshi, tambarare ya kusini mwa mji, iliyojengwa kwa mkopo wa Japan na kukamilika mwaka 1987.

Safari hii kulikuwa na wahandisi, zege na mageti ya chuma. Mabanio yaliwekwa kwenye mito ya Njoro na Rau. Skimu ilipangwa kufikia hekta 2,300, kati yake 1,100 za mpunga, ikihudumia vijiji kama Mabogini, Chekereni na Oria.

Mavuno yalikuwa makubwa. Mbegu ya IR54 ilitoa hadi tani 6 kwa hekta. Na hapo ndipo shida ilipoanza.

Wakulima waliokuwa nje ya skimu, juu ya mabanio, waliona jirani anavuna. Nao wakafungua majaruba na kuchepusha maji kabla hayajafika kwenye geti la skimu. Ungewalaumu? Mto unapita mlangoni kwao, na faida wanaiona kwa macho. Matokeo yake maji yalipungua chini, na eneo lililolimwa mpunga ndani ya skimu likabaki dogo kuliko lile la kwenye ramani.

Wahandisi walipima mto. Tamaa halali ya mtu anayeishi juu ya banio haikuwa kwenye hesabu.

Na chini zaidi?

Maji hayo hayo yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kisha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Mkulima akifungulia shambani, kuna mtu mwingine anayesubiri umeme. Ndiyo maana mwaka 1991 ilianzishwa ofisi ya maji ya Bonde la Pangani, na sheria ya mwaka 2009 ikatambua jumuiya za watumia maji, ili wa juu na wa chini wakae meza moja.

Hata Panama hawajaepuka. Meli hupandishwa kwa maji matamu ya ziwa Gatun, na ukame wa mwaka 2023 ulilazimisha kupunguza idadi ya meli kwa siku. Ziwa hilo hilo ndilo watu wanalolitegemea kwa maji ya kunywa.

Kwa hiyo ukisikia mfereji mpya unazinduliwa kijijini kwenu, usiulize kilomita ngapi tu. Uliza banio linakaa wapi, nani yuko juu yake, na siku maji yakipungua zamu itaanza kukatwa kwa nani. Kama majibu hayapo, zege litakauka kabla ugomvi haujaisha.