Lubumbashi: Gauni jeupe, suti nyeusi na kamera isiyojua sura ya mtu

Kila Jumamosi mjini Lubumbashi, magari yaliyofungwa maua hupita yakipiga honi, kutoka komini hadi kanisani, na kutoka kanisani hadi kwenye bustani ambako maharusi hupigwa picha. Siku hiyo haina marudio. Mpiga picha amekwisha kupewa sehemu ya pesa yake, na jamaa wamefika kutoka Likasi na Kolwezi. Siku chache baadaye albamu inaletwa nyumbani, na hapo ndipo maneno yanapoanza. Gauni linapendeza, lakini sura ya bibi harusi imekuwa giza. Au sura inaonekana vizuri, lakini gauni limegeuka kipande cheupe tu, bila ua wala ushanga.

Wengi husema kamera ni mbovu na kwamba ingenunuliwa nyingine ya bei kubwa. Lakini mara nyingi kamera imefanya kazi yake sawasawa, kama ilivyofundishwa kiwandani. Tatizo ni kwamba haikufundishwa kutambua kilicho cha maana zaidi mbele yake.

Kamera ya kidijitali ina kipimo cha mwanga ndani yake. Kipimo hicho kinapoachwa kifanye kazi peke yake, hukisia kwamba kila kilicho mbele ya lenzi, kikichanganywa pamoja, kina mwanga wa wastani, yaani rangi ya kijivu inayorudisha karibu asilimia 18 ya mwanga unaoipiga. Kikiona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, basi hupunguza. Kikiona weusi mwingi, hudhani mwanga umepungua, basi huongeza.

Sasa mweke bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, ndani ya gauni jeupe, mbele ya ukuta mweupe wa kanisa, saa saba mchana. Kamera inaona weupe kila upande na inapunguza mwanga. Gauni linakuwa la kijivu na sura inazama gizani. Kinyume chake, wapige ndugu kumi wa bwana harusi waliovaa suti nyeusi ndani ya ukumbi wenye kivuli. Kamera inaongeza mwanga, na paji za nyuso zinang'aa kana kwamba zimepakwa unga.

Jambo hilo haliishii kwenye harusi. Mpiga picha wa kando ya barabara anayetengeneza picha ndogo za faili la kazi au la shule hutundika kitambaa cheupe nyuma ya mteja. Kitambaa hicho kinaidanganya kamera namna ileile. Mteja anaondoka na picha ambamo macho hayaonekani vizuri, na anayeipokea ofisini anaweza kuikataa. Katika nchi ambako kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha watu wengi, kila mmoja anajua uzito wa kuwa na sura inayotambulika kwenye karatasi.

Milango mitatu ya mwanga

Mpiga picha ana njia tatu za kuongoza mwanga. Ya kwanza ni tundu la lenzi, ambalo hupanuka na kubana kama mboni ya jicho. Namba zake huandikwa f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11 na f/16, na namba inapokuwa ndogo, tundu huwa kubwa. Ya pili ni muda ambao kamera inaacha mwanga uingie, kwa mfano sehemu ya 1/60, 1/125 au 1/250 ya sekunde. Ya tatu ni ISO, yaani kiasi ambacho kamera inakuza mwanga ulioipata: 100, 200, 400 na kuendelea.

Kila hatua moja kati ya namba hizo huzidisha mwanga mara mbili au kuupunguza nusu. Kwa hiyo 1/250 kwa f/4 huleta mwanga sawa na 1/125 kwa f/5.6. Tofauti ni kwamba kila mlango una bei yake. Tundu likipanuliwa sana, anayesimama mstari wa nyuma anaweza kutoka na ukungu. Muda ukirefushwa, mtu anayecheza anakuwa kama moshi. ISO ikipandishwa sana, picha inajaa chembechembe.

Kwa jua kali lisilo na wingu, kuna kanuni ya zamani inayosaidia hata kipimo kikidanganyika: weka f/16, ISO 100, na muda wa 1/100. Anayetaka kutumia f/8 amepanua tundu kwa hatua mbili, basi apunguze muda hadi 1/400.

Kitufe ambacho wengi hawakigusi

Kwa asiyetaka kupanga yote kwa mkono, kamera nyingi zina kitufe au gurudumu lenye alama za kuongeza na kutoa. Mpiga picha anapoona gauni jeupe limejaza picha, au kitambaa cheupe kiko nyuma ya mteja, aongeze hatua moja. Anapoona suti nyeusi zimejaza picha, apunguze kidogo, kama theluthi mbili za hatua au hatua moja.

Njia nyingine ni kuiambia kamera ipime sehemu ndogo tu, yaani sura. Hapo pia kuna mtego. Kamera itataka kuifanya ngozi nyeusi iwe ya kijivu cha wastani, na mtu atatoka mweupe kuliko alivyo. Inafaa kupunguza nusu hatua hadi hatua moja, kulingana na ngozi yenyewe. Lengo ni mama akiitazama picha aseme: huyu ndiye mtoto wangu.

Wakati wa kukagua, kioo cha kamera si shahidi mwaminifu. Chini ya jua la mchana kila picha huonekana giza, na usiku ukumbini kila picha huonekana safi. Shahidi bora ni istogramu, ule mchoro mfano wa kilima: upande wa kushoto ni giza, upande wa kulia ni weupe. Kilima kikibanwa kwenye ukuta wa kulia, ushanga wa gauni umekwisha kupotea, na hakuna kompyuta itakayourudisha. Giza, kwa kiasi fulani, linaweza kufunguliwa baadaye, hasa kama picha zilihifadhiwa kwa mfumo wa RAW. Picha ya JPEG huwa na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, huku RAW ya biti 14 ikiwa na ngazi 16,384.

Ukumbini kuna adui mwingine. Umeme wa Congo ni wa hezi 50, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Muda mfupi kama 1/500 unaweza kuleta mistari ya giza kwenye picha. 1/100 au 1/50 huwa salama zaidi.

Historia iliyo nyuma ya lenzi

Kwamba vyombo vya picha havikuwafikiria watu weusi si jambo jipya. Wakati wa filamu, maabara zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia zionekane vizuri, yalichangia filamu kuboreshwa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990.

Lubumbashi ina sababu ya kulijali jambo hilo. Ndio mji alikozaliwa mpiga picha Sammy Baloji mwaka wa 1978, na tangu 2008 una tamasha la sanaa linalofanyika kila baada ya miaka miwili, lililoanzishwa na shirika ambalo jina lake ni neno la Kiswahili: Picha.

Kwa kijana anayeanza kazi hii na kamera moja ya mtumba, dawa haigharimu kitu. Afike kanisani nusu saa kabla, apige picha mbili tatu za mtu aliyesimama pale watakaposimama maharusi, aangalie kilima, arekebishe. Na jua likiwa kali, awahamishie maharusi chini ya mwembe, ambapo mwanga ni laini na gauni na sura vinaweza kukaa pamoja katika picha moja.