Nukta za Kioo na Alama za Kompyuta
Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika katika maduka ya Mwanza, anapoonyeshwa alama za jaribio la michoro, hana budi kuuliza zilipatikana kwa ukubwa gani wa picha, kwa kuwa picha ya pikseli, yaani nukta zinazoiunda, 1366 kwa 768 ina nukta 1,049,088 tu, ilhali ya 3840 kwa 2160 ina 8,294,400, na zote huchorwa upya katika kila fremu. Picha ikiwa ndogo, kadi ya michoro humaliza mapema ikaisubiri prosesa, hata kadi dhaifu na kadi bora zikakaribiana alama, jambo linalowafaa wauzaji fulani. Ikiwa kubwa, kadi ndiyo hulemewa na tofauti ikajitokeza. Jaribio la 3DMark Time Spy kwa kawaida huchora kwa 2560 kwa 1440, kioo kiwe kikubwa au kidogo, ndipo alama zake zikalinganishika.