Je, Wajua? Gogo likikwama, mkono ukae mbali

Mashine ya kupasulia kuni hutumia kabari ileile ya chuma waliyoitumia babu zetu, ila nyundo imeachia nafasi mafuta yenye shinikizo. Mashine ya tani 20 hukandamiza gogo kwa nguvu inayolingana na uzito wa ndovu dume watatu au wanne. Ndiyo maana nyingi zina vishikio viwili: ukiachia kimoja, kabari husimama. Tafadhali usikifunge kimoja kwa kamba ili kuharakisha kazi. Na anayeweka gogo ndiye aendeshe. Wakiwa wawili, mmoja huvuta wenzo kabla mwenzake hajatoa vidole.

Mkaratusi, kuni za viwanda vingi vya chai nchini Kenya, hupasuka vizuri ungali mbichi. Ukikauka hung'ang'ania, hasa penye fundo. Gogo likikwama kwenye kabari, usiligonge nyundo. Rudisha kabari nyuma, zima injini, sogeza wenzo huku na huku kutoa shinikizo, kisha chomeka kipande cha mti kilichochongoka chini ya gogo. Ondoa mikono, washa, sukuma kidogokidogo mpaka linasuke.

Lakini hatari inayonitia hofu zaidi ni mpira wa mafuta uliotoboka. Tundu la ncha ya sindano hutoa mchirizi unaopenya ngozi. Jeraha hufanana na mchomo wa mwiba, halina maumivu makali mwanzoni, kumbe ndani nyama inaharibika. Mtu anaweza kukatwa kidole. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo. Unapotafuta panapovuja, pitisha kadibodi, kamwe si kiganja.