Siga Baharini: Chumba cha Mwisho cha Wavutaji

Katika meli nyingi za kitalii za leo, abiria anayetaka kuvuta siga akiwa ndani, ameegemea kiti cha ngozi badala ya kupigwa na upepo kwenye sitaha, ana mlango mmoja tu wa kubisha. Mlango huo hujifunga wenyewe. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye taa hafifu, kabati la siga, meza za chini zenye visahani vizito vya majivu, na mhudumu anayejua kinywaji gani kinaendana na tumbaku ipi. Hiyo ndiyo sebule ya siga. Meli za Cunard huiita Churchill's, za Regent Seven Seas huiita Connoisseur Club, na katika Europa 2 ya Hapag-Lloyd ya Ujerumani inaitwa Herrenzimmer.

Siga ni tofauti na sigara ya kawaida. Hutengenezwa kwa majani matupu ya tumbaku yaliyovundikwa na kusokotwa, bila karatasi wala kichungi, na moshi wake hauvutwi hadi mapafuni. Mvutaji huuzungusha mdomoni, akapata ladha, akautoa. Siga moja nzuri humalizwa kwa takriban saa nzima au zaidi, jambo ambalo nchi kavu ni gharama kwa mtu mwenye shughuli. Baharini, hasa siku ambazo meli haitii nanga popote, saa ndicho kitu kisichopungua.

Zamani mvutaji hakujificha. Mwanzoni mwa karne ya 20, meli kubwa zilizovuka Atlantiki zilikuwa na chumba cha kuvutia tumbaku kwa kila daraja, na kile cha daraja la kwanza kilishindana na klabu za mabwana wa London kwa mapambo. Kwenye Titanic, mwaka 1912, chumba hicho kilikuwa upande wa nyuma wa meli, kuta zake za mbao za mahogani zilizotiwa nakshi za gamba la lulu, na juu ya meko ulitundikwa mchoro wa bandari ya Plymouth uliochorwa na Norman Wilkinson. Meko yenyewe iliwaka makaa ya kweli, wakati kwingineko melini joto lilitoka kwenye vifaa vya umeme. Wanawake hawakutarajiwa kuingia. Karata zilichezwa hadi usiku wa manane, na matapeli wa kamari walifanya safari hizo kuwa ajira, hata kampuni za meli zikawa zinawaonya abiria kwa maandishi. Usiku wa ajali, mhudumu mmoja aliyenusurika alisimulia kwamba alimkuta Thomas Andrews, mbunifu wa meli hiyo, amesimama peke yake chumbani humo, boya lake likiwa limewekwa mezani.

Kilichomwondoa mvutaji kwenye enzi yake ni mambo mawili, afya na moto. Kuhusu afya, jaribio lililovuma zaidi lilikuwa la Carnival, iliyozindua meli ya Paradise mwaka 1998 ikiwa haina tumbaku kabisa. Aliyekamatwa akivuta alitozwa dola 250 na kuteremshwa bandari inayofuata. Utaratibu huo ulikoma mwaka 2004, na maelezo yaliyoenea ni kwamba wasiovuta walitumia fedha kidogo kwenye baa na kwenye kamari. Inafaa kulikumbuka hilo pale kampuni inapoieleza sebule ya siga kama ukarimu wake kwa wageni. Sebule ipo kwa sababu inalipa, na ikiacha kulipa inageuzwa kuwa kitu kingine. Michael's Club katika meli za Celebrity ilianza kama chumba cha siga, baadaye ikawa mahali pa piano na vinywaji.

Upande wa moto, tarehe ya kukumbukwa ni 23 Machi 2006. Usiku huo meli ya Star Princess ilikuwa njiani kwenda Jamaica moto ulipozuka kwenye roshani ya chumba cha abiria, ukapanda na kutambaa kupitia viti na vizuizi vya plastiki vilivyotenganisha roshani na roshani. Mtu mmoja alifariki, na wachunguzi waliona kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni kishungi cha sigara kilichotupwa kikiwa hakijazimika. Kanuni za kimataifa za usalama wa meli zilikazwa kuhusu vifaa vya roshani, kisha kampuni moja baada ya nyingine zikapiga marufuku kuvuta kwenye roshani na vyumbani. Siga ikabaki na kona ya sitaha, na hiyo sebule.

Mfano ulio hai hadi leo ni Queen Mary 2 ya Cunard, iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa, na kuanza safari zake Januari 2004. Churchill's yake iko sitaha ya 9, jirani na baa ya Commodore Club inayotazama mbele ya meli. Humo siga na kiko vinaruhusiwa. Mwenye sigara ya kawaida huelekezwa sitahani. Jina si la kubuni tu, kwani Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alivuka Atlantiki zaidi ya mara moja ndani ya Queen Mary ya kwanza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Meli ya sasa ikitoka Southampton huchukua kama siku 7 kufika New York, bila kisiwa wala bandari katikati. Kwa mpenda siga hakuna ratiba bora kuliko hiyo.

Kazi ngumu ya chumba hiki haionekani kwa macho. Moshi wa siga ni mzito na harufu yake hung'ang'ania mapazia na mazulia, kwa hiyo feni hufyonza hewa ya chumba kwa wingi kuliko ile inayoingizwa. Shinikizo la ndani linakuwa dogo kuliko la nje. Mtu akifungua mlango, hewa ya ushoroba ndiyo inayoingia, moshi hautoki. Hewa chafu nayo hupita bomba lake hadi nje bila kuchanganyika na ile ya vyumba vya abiria. Ndege-puto ya Hindenburg ya mwaka 1936, iliyoelea kwa gesi ya hidrojeni, nayo ilikuwa na chumba cha kuvutia, ila mpango ulikuwa kinyume: shinikizo la ndani lilikuwa kubwa kidogo ili hidrojeni isipenye, na kiwashio kilikuwa kimoja tu, cha umeme. Melini, mgeni mwenye busara, akiingia sebuleni, huangalia moshi wa jirani yake unakwenda wapi. Ukipanda juu kwa utulivu, chumba ni kizima. Ukining'inia usawa wa macho, afadhali arudi kesho.

Kabla ya kuwashwa, siga hukaa kwenye hyumido, kabati linalotunza unyevu wa kati ya asilimia 65 na 72 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Kuta zake hufunikwa kwa mbao za mwerezi wa Kihispania, ambao licha ya jina lake ni mti wa bara la Amerika na ndugu wa mahogani. Hewa ya kiyoyozi cha meli ni kavu, na siga iliyosahauliwa mezani chumbani kwa siku chache hukauka na kupasuka. Anayekuja na zake huhitaji kisanduku kinachofunga vizuri.

Mhudumu akiwasilisha siga, mgeni huibonyeza taratibu kwa vidole viwili kuanzia kichwani, upande wa mdomo, hadi mguuni, upande unaowashwa. Inapaswa kudunda kidogo. Ikitoa sauti ya kukwaruza imekauka, ikilegea kama mkate ina maji mengi. Jani la nje ndilo la kutazamwa, lisiwe na mipasuko wala mishipa minene. Baadhi ya majani bora ya nje hutoka Cameroon na Jamhuri ya Afrika ya Kati, hivyo siga iliyosokotwa Karibiani yaweza kuwa imevaa vazi la Afrika. Tumbaku ya Tabora na Urambo, Tanzania, haimo kwenye hesabu hii, kwani nyingi hukaushwa kwa joto la mabani kwa ajili ya viwanda vya sigara.

Kwa anayeanza, saizi ya robusto inatosha. Ina urefu wa milimita 124, unene wa takriban milimita 20, na huisha ndani ya saa moja. Ile inayoitwa Churchill, milimita 178, inataka karibu saa moja na nusu. Kichwa hukatwa kidogo tu, bila kuvuka kifuniko, la sivyo jani la nje hufunguka. Kisha mguu huchomwa kwa moto usiougusa, siga ikizungushwa hadi ukingo wote uwe mwekundu. Viberiti vya gesi vyenye moto wa kasi haviruhusiwi kwenye ndege za Marekani, hivyo anayekwenda bandarini kwa ndege hutegemea vya sebuleni. Baada ya hapo, pafu moja kwa dakika. Anayeharakisha huipasha siga hadi iwe chungu. Majivu huachwa yaanguke yenyewe, na siga iliyoisha haipondwi bali huachwa izimike, maana ikipondwa hunuka.

Wageni wapya husahau tumbo. Nikotini ya siga hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo hata bila kumeza moshi, na siga kali juu ya tumbo tupu huleta kizunguzungu na kichefuchefu. Ikiongezwa na mawimbi, jioni imekwisha. Mazoea ni kula kwanza, kisha kuanza na siga nyepesi. Hatari kubwa zaidi haina uhusiano na mawimbi: siga husababisha saratani ya mdomo, koo na umio, na siga moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Feni hupunguza moshi lakini haziondoi sumu yote, na anayeuvuta kwa muda mrefu kuliko wageni wote ni mhudumu.

Linabaki suala la Kuba. Siga za Vuelta Abajo, magharibi mwa kisiwa hicho, ndizo zenye jina kubwa kuliko zote, lakini Marekani iliziwekea vikwazo Februari 1962. Mwaka 2016 wasafiri waliruhusiwa kurudi nazo kwa matumizi yao; Septemba 2020 mlango ukafungwa tena. Abiria anayeteremkia New York au Miami huhesabu siga zake za Kuba mapema, akazigawa kwa usiku uliobaki na kuwakaribisha majirani wa sebuleni, kwa kuwa zitakazovuka forodha ni za Jamhuri ya Dominika, Nikaragua na Honduras.