Kutoka Lusangi mpaka soko la Nyangwe

Likizo ya Julai barabara ni kavu. Mwenye pikipiki apeleke watoto wake Nyangwe, ngambo ya Kasongo, kando ya mto Lualaba.

Livingstone, mzungu wa Uskoti, alifika huko kwa miguu. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimkalisha Kabambare miezi mingi. Nyangwe alikuta soko kubwa la wamama: samaki, mihogo, mawese, kuku. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwapiga risasi palepale sokoni. Mamia walikufa, wengi wakizama mtoni. Habari aliyoandika ilisaidia soko la watumwa la Zanzibar lifungwe mwaka 1873.

Jina lake watoto wanalisoma shuleni. Habari ya wale wamama tuwasimulie sisi.