Waziri alitaja tarehe, mdogo wangu akauza cherehani

“Akizungumza na waandishi wa habari...” Ndugu msomaji, ukiyaona maneno hayo matano mwanzoni mwa habari, nawe unaishi karibu na mpaka, usiharakishe kugeuza ukurasa. Huenda ni mzigo wako unaozungumziwa.

Mimi ni mwalimu huku Mabanda, kusini mwa Burundi, kwenye njia iendayo mpaka wa Mugina na Manyovu. Nilizaliwa katika makazi ya Mishamo, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili, nikarudi mwaka 2009 nikiwa mtu mzima nisiyeweza kusoma waraka wa Kifaransa. Darasani nafundisha Kiswahili. Jioni nina kazi nyingine isiyo na mshahara: kuwaeleza majirani viongozi wa ng'ambo wamesema nini redioni.

Jumanne ya tarehe 27 Agosti 2019 nilikuwa nasahihisha madaftari simu ilipolia. Alikuwa mdogo wangu, fundi cherehani, aliyekimbia tena mwaka 2015 na kuishia kambi ya Nduta, wilayani Kibondo.

“Kaka, umesikia?”

“Nimesikia.”

“Tarehe 1 Oktoba. Elfu mbili kila wiki.”

“Imeandikwa wapi?”

“Waziri kasema, kaka. Unataka iandikwe wapi tena?”

Aliyesema ni Kangi Lugola, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania wakati huo. Siku tatu kabla alikuwa amekubaliana na mwenzake wa Burundi, Pascal Barandagiye, kwamba wakimbizi wa Burundi waanze kurejeshwa, wote. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, lilijibu kuwa hali ya Burundi bado haikuruhusu kuwahimiza watu kurudi, na kwamba arudiye arudi kwa hiari yake. Lakini jibu hilo lilikuja kwa lugha ya ofisini, halina tarehe wala hesabu. La waziri lilikuwa na vyote viwili.

Ndani ya siku tatu mdogo wangu aliuza cherehani kwa bei ya magunia mawili ya mahindi. Aliniambia mafundi wenzake walifanya hivyo hivyo, na mnunuzi alikuwa akipita mlango kwa mlango kama mtoza kodi. Alijua kwamba mwenye kuambiwa ataondoka hana nguvu ya kubishana bei.

Tarehe 1 Oktoba ikafika. Siku chache baadaye msafara wa kwanza uliondoka, ukiwa na watu waliojiandikisha wenyewe. Hakuna lori lililosimama mlangoni kwa mdogo wangu, si wiki ile wala mwezi ule. Alibaki Nduta bila cherehani, akishonea watu kwa sindano ya mkono. Januari 2020 Lugola naye akaondolewa kwenye uwaziri. Mdogo wangu alijiandikisha na kurudi kwa hiari mwaka 2021, mikono mitupu.

Simlaumu waziri kwa kusema. Kusema ni kazi yake. Ninachojiuliza ni kuhusu waliokuwa na kalamu. Katika taarifa zote nilizozisikia mimi, sikusikia mtu akiuliza: Je, asiyejiandikisha itakuwaje? Swali la maneno matatu tu, nalo lingeokoa cherehani ngapi?

Marehemu baba angeliuliza. Kule Mishamo alikuwa na redio ya betri, akiisikiliza huku kamkodolea macho kana kwamba msemaji yumo ndani. Mwaka 2007 ilipotangazwa kwamba sisi wa 1972 tuchague, kuomba uraia wa Tanzania au kurudi Burundi, aliisikiliza habari yote hadi mwisho, kisha akaiuliza redio, “Na shamba?” Haikumjibu. Jibu tulilikuta wenyewe mwaka 2009: nyumba ya matofali ya mtu mwingine, na miti ya michikichi aliyoipanda yeye ikiwa tayari inavunwa.

Nimegundua jambo moja. Julai 2017 Rais Magufuli na Rais Nkurunziza walisimama pamoja Ngara wakawaita wakimbizi warudi nyumbani. Walikuwa wakubwa kuliko waziri yeyote, lakini mdogo wangu hakuuza hata kitufe. Hawakuwa wametaja siku ya yeye kuondoka.

Na si wakimbizi peke yao. Wafanyabiashara wa kaskazini watakumbuka Alhamisi ya tarehe 11 Januari 2024, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Burundi, Martin Niteretse, alipotangaza kuwa mpaka na Rwanda umefungwa. Majuma machache kabla, watu 20 walikuwa wameuawa katika shambulio la Vugizo kwa hesabu ya serikali, na Bujumbura ikaishutumu Kigali kuwasaidia washambuliaji, Kigali ikakanusha. Serikali ya Rwanda yenyewe ilisema habari ya kufungwa ilizipata kwenye vyombo vya habari. Ikiwa serikali nzima inasubiri redio, muuza nyanya aliyelala upande wa pili angejulishwa na nani?

Basi siku hizi nina zoezi darasani. Mwanafunzi mmoja anakuwa waziri, wengine waandishi. Waziri anatangaza analotaka; waandishi wanatakiwa wamuulize nani ametia saini, inaanza lini, na inamhusu nani. Wiki iliyopita kijana mmoja, mrefu, sauti nzito, alitangaza kwamba mpaka umefungwa kuanzia sasa hivi. Msichana ambaye mama yake huchukua dagaa Kigoma akanyoosha mkono.

“Mheshimiwa, na aliyeko njiani?”

Waziri wetu alitazama karatasi yake, akaigeuza upande wa nyuma, hamna kitu. Akanitazama mimi. Kisha akakohoa kidogo, akasema, “Swali lingine.”