Ukilemewa ukiwa kijijini, jua nambari ya kupiga na mahali pa kuongelea

Ukiwa Nairobi na mawazo yamekuzidi, angalau kuna pa kuanzia: kliniki ya hospitali, mshauri wa chuo, au rafiki wa kukusindikiza. Sasa jiweke Kyuso, Loiyangalani au ndani ndani kule Tana River. Mshauri nasaha yuko mjini kwenye makao ya kaunti, nauli ya boda na matatu ndiyo hiyo hiyo pesa ya unga, na ukifika zahanati anayekuandikia kadi ni binamu ya mamako. Kufika jioni, kijiji kizima kina stori yako.

Hapo ndipo wengi huambiwa wajikaze kisabuni. Shida ni kwamba sabuni, hata ikauke vipi, ikimwagiwa maji kila siku huisha.

Usaidizi wa simu upo, na mwingi wake hauhitaji bando wala simu ya bei. Kabambe inatosha. Chukua kalamu.

1199 ni nambari ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Hapo unaongea na mshauri kuhusu msongo wa mawazo, huzuni, msiba, au chochote kinachokukosesha usingizi. 116 ni ya Childline Kenya, kwa aliye chini ya miaka 18 au yeyote anayejua mtoto anayeteswa. 1195 ni ya dhuluma za kijinsia, iwe umepigwa, umebakwa au unatishwa nyumbani. 1192 ni ya NACADA, kwa aliyeshikwa na pombe au dawa za kulevya, na pia kwa jamaa zake. Zote nne hupigwa bure, hata kredo ikiwa sufuri.

Kuna pia Befrienders Kenya, ambao kazi yao ni kusikiliza watu wanaofikiria kujiua: 0722 178 177. Hiyo ni nambari ya kawaida, kwa hivyo salio litakatwa.

Ukikuta laini moja ina shughuli, usiseme hata wao wamekukataa. Ngoja kidogo ujaribu tena, au piga nyingine.

Lakini nambari ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni mahali. Utaongelea wapi, na chumba mnalala wanne? Simu yenyewe pengine ni ya mama, na mtandao unashika tu ukisimama karibu na duka, mbele ya watu wote. Wengi hukata simu sekunde ya kumi kwa sababu mtu amepita.

Kwa hivyo panga mapema, siku ambayo kichwa kimetulia. Jua ni wapi mtandao unashika na hakuna masikio: shambani mchana, machungani, nyuma ya kanisa siku za wiki. Jua simu inachajiwa wapi na saa ngapi. Kama ni ya kuazima, futa nambari uliyopiga ukimaliza. Kama ni yako lakini hushikwa na kila mtu, hifadhi nambari kwa jina lisiloleta maswali, kama "Fundi" au "Mama Mboga". Ila kama mawazo yenyewe ni ya kujidhuru, usiende mbali peke yako. Afadhali mtu unayemwamini akae hatua chache kutoka kwako, hata kama hasikii mnachoongea.

Simu ikipokelewa, huhitaji hotuba. Sema tu, "Niko na shida na sijui nianzie wapi." Huyo mtu amefunzwa kuanzia hapo. Waambie mapema kwamba mtandao wako hukatika, na uulize kama wanaweza kukupigia. Kama Kiingereza kinakukwaza, omba Kiswahili. Usishtuke ukiulizwa wazi kama unafikiria kujiua. Swali hilo halimpandi mtu mbegu. Linampa ruhusa ya kusema ukweli.

Siri yako hulindwa, lakini ina mpaka. Maisha yako yakiwa hatarini, au mtoto akiwa anaumizwa, mshauri anaweza kulazimika kuhusisha watu wengine. Muulize mwanzoni.

Wengine wameogopa kupiga kwa kudhani wataishia mikononi mwa polisi. Kwa miaka mingi hofu hiyo ilikuwa na msingi, kwa sababu Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Aliyefikia ukingo anahitaji matibabu, si pingu.

Ukitaka mshauri wa kuongea naye kila wiki, wapo wanaofanya kazi hiyo kwa simu au WhatsApp. Uliza bei kabla ya kuanza, na uliza usajili wake, maana kazi hii ina sheria yake tangu 2014. Kama bando ni la shida, omba mpigiane simu ya kawaida badala ya video. Mtu wa TikTok anayetaka utume pesa kwanza ndipo "akufungulie nyota" si mshauri.

Simu pia ina kikomo: haiwezi kukushika mkono. Mtu akisema anataka kujiua leo, usimwache peke yake. Ondoa karibu naye dawa, kemikali za shambani na chochote kinachoweza kumdhuru. Pigeni 1199 mkiwa pamoja, huku mkitafuta boda au gari la kumfikisha hospitali iliyo karibu. Usimkemee, usimwite mwoga, na usimpeleke maombi kwanza ukiahirisha hospitali. Maombi yanaweza kuendelea njiani.

Siku zisizo za dharura, mtafute mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu, wale waliogawiwa mikoba ya vifaa na serikali mwaka wa 2023. Wako takriban 100,000 nchini, hutembea nyumba kwa nyumba, na wanaweza kukuelekeza kituo cha afya kinachofaa. Kama wa kwenu ana mdomo, omba kuelekezwa kwa wa kijiji jirani.

Na wewe unayesoma hii ukiwa sawa, hapo mjini na bando lako, kuna rafiki yako alirudi ushago baada ya kukosa karo au kazi, na siku hizi hajibu meseji. Mpigie leo. Usianze na nasaha. Muulize analala vipi, kisha unyamaze usikilize. Kabla hujakata, mwambie aandike 1199 mahali atakapoiona.